Maziwa ya Jioni

Winny, nimesikia tangi la baridi limefika huko kwenu Londiani. Aliyeniambia alikuwa amefurahi sana, ati sasa maziwa hayataharibika tena. Mimi sikufurahi. Nililala vibaya. Kwa hivyo naandika haya, wewe usome, na wasichana wengine walioolewa majuzi wasome, kabla hamjashika ndoo jioni na kumpa mtu kwa sababu ameomba kwa sauti nzuri.

Tangi la kwetu lilipokuja ulikuwa bado nyumbani lakini mambo mengi hukuyaona. Kwetu sisi, toka zamani, maziwa ya asubuhi ni ya mzee. Yanaenda dairi, chama chetu cha maziwa, na pesa akipata, ni zake. Ya jioni ni ya mama. Watoto wanakunywa, kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kulazwa siku kadhaa yagande, kinajazwa, na yanayobaki mama anauza. Yangu nilimuuzia Nyanchama, yule Mkisii wa hoteli ya chai karibu na kambi ya wachuma chai. Chumvi ya nyumba ile, sabuni, mafuta ya taa, viatu vyako vya shule, vyote vilitoka kwa chuchu za ng'ombe wetu Malkia jioni. Sikuomba mtu.

Halafu mwaka wa tisini na sita dairi yetu ikaleta tangi. Mwenyekiti, Kipkoech, akaita mkutano. Wanaume kwa viti, sisi kwa nyasi. Akasema kuanzia sasa dairi itachukua ya asubuhi na ya jioni, na yote yataandikwa kwa namba ya mwenye boma, na pesa alipwe yeye.

Nikainua mkono. "Mwenyekiti, na ya jioni yana mwenyewe."

"Mama Winny, maziwa ni maziwa. Tangi halijui asubuhi wala jioni."

Wanaume wakacheka. Baba yako, Weldon, alicheka kupita wote. Rodah, shemeji yangu, akanivuta leso. "Wacha, dada. Bwana yangu amesema ataniletea kila kitu mwenyewe."

Huyo Rodah, kabla mahindi hayajakomaa, alikuwa anazunguka kwa watu kuomba chumvi kwa karatasi. Bwana yake alinunua redio. Alisikiliza habari za dunia nzima na hakusikia kwamba sabuni imeisha.

Mimi sikupigana. Jioni ile ya kwanza baba yako alikuja na baiskeli na mkebe, akasema, "Haya mama, kama ng'ombe tuondoke."

Nikamwambia, "Maziwa ni ya nani?"

"Ya boma."

"Basi boma likame."

Akadhani ni mzaha. Nikakaa kwa kigoda nikachambua mboga yangu. Alipochoka kungoja akaenda mwenyewe. Unamjua Malkia, hapendi mkono wa baridi. Nilisikia ndoo ikilia kwa mawe, halafu baba yako akiongea na ng'ombe maneno ambayo mzee wa kanisa hatakiwi kuyajua. Lakini ni mtu wa kiburi, alijifunza. Kila jioni akakama, akafunga mkebe kwa baiskeli, akaenda. Alituachia kikombe kimoja cha kutia chai.

Na mimi nikaweka sheria yangu. Akiuliza chumvi iko wapi, namwambia, "Uliza tangi." Sabuni? "Uliza tangi." Akirudi kutoka shamba la chai amechoka anataka mursik, "Baba Winny, tangi liko pale chini, nenda na kikombe." Nyanchama alipokosa maziwa ya hoteli alikuja hadi langoni, nikamweleza. Akacheka mpaka akashika mti. "Mama Winny, hiyo tangi yenu inapika ugali pia?"

Usifikiri nilikuwa sina hofu. Nilikuwa nayo. Mwanamke akikataa kukama, watu wanaanza kuuliza kama akili yake iko sawa. Na wewe ulikuwa umeshachumbiwa na Kiplangat.

Ndipo kukaja ujumbe kwamba watu wa Kiplangat wanakuja kwa koito, kukuomba rasmi. Baba yako akanyoa, akapaka nyumba chokaa. Halafu akakumbuka.

"Mama, mursik iko?"

"Kutoka wapi?"

Alisimama pale na brashi ya chokaa ikimdondokea kwa kiatu. Mkipsigis gani anapokea wakwe bila mursik? Akakimbia kwa Rodah kuazima. Vibuyu vya Rodah vilikuwa vikavu. Akaenda kwa jirani wa juu, akaenda kwa wa chini. Unaona wanaume wetu? Mlima mzima ulikuwa umepeleka maziwa ya jioni kwa tangi, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba siku moja atahitaji kuazima kwa mwenzake. Akaja na maziwa ya pakiti kutoka duka la Kiptere. "Tia hii kwa kibuyu."

"Baba Winny, wageni ni kesho. Hiyo itakuwa mursik lini?"

Akarudi dukani akaleta kreti ya soda.

Wewe ulinikuta jikoni, macho mekundu. Ulisema, "Mama, utaniharibia. Watasema ninatoka kwa nyumba mbaya." Nikaendelea kusugua vibuyu. Ningeweza kwenda ng'ambo ya mto kwa dada yangu, ambako tangi lilikuwa halijafika, nikaomba kibuyu kimoja, na mambo yangeenda laini. Nilifunga hata leso kichwani niende. Kisha nikajiuliza, huyu mtoto akitolewa kwa nyumba ambayo mama ameficha njaa yake, atajifunza nini huko anakoenda? Atajifunza kuficha. Nikafungua leso.

Wageni wakaja. Wakaimba, wakaomba, wakakaa. Soda zikafunguliwa. Msemaji wao, mjomba wa Kiplangat, alishika chupa yake kama mtu aliyepewa dawa ya ng'ombe. Mwishowe mama yake Kiplangat, Sellah, akaniambia taratibu, "Mama, njia ilikuwa ndefu. Hatukuja kunywa soda."

Nikaingia ndani nikatoka na vibuyu vyangu. Vilikuwa vimeoshwa, vimefukizwa mkaa wa mti wa senetwet, vinanukia vizuri. Nikaviinua kimoja kimoja mbele yao, nikavigeuza mdomo chini. Hakuna tone.

"Mama Winny!" baba yako akasema.

"Wageni wetu," nikasema, "mtusamehe. Nyumba hii ina ng'ombe na haina mursik. Maziwa ya jioni yamechukuliwa kwangu, yako kwa tangi, kwa namba ya mzee. Sijawaficha, kwa sababu mnamchukua binti yangu, na nataka kujua kama kwenu pia ataliuliza tangi chumvi."

Mjomba akaweka soda chini, akasema mama huyu ana mdomo. Nikajua basi, nimeharibu. Lakini vibuyu sikuviweka chini.

Sellah akamtazama baba yako. "Mzee, maziwa ya jioni yalikuwa yako tangu lini?"

"Ni maendeleo, mama."

"Maendeleo yanayokausha kibuyu?" Akina mama wakaguna. Hata mjomba alitazama ile chupa yake, akakohoa kicheko. Sellah akamgeukia mwanawe. "Kiplangat, umeulizwa. Jibu kwa mdomo wako, mimi sitakujibia."

Kiplangat akasimama, shati limemshika mgongo kwa jasho. Akasema, "Maziwa ya jioni yatakuwa ya Winny. Hata kukiwa na tangi."

"Na mimi?" nikamwuliza baba yako, mbele yao wote.

Akakuna kichwa. "Utapata namba yako."

Kesho yake tulienda naye dairi. Karani akasema hapana, boma moja namba moja. Nikamjibu, basi ya jioni yarudi nyumbani. Jioni hiyo nikakama mwenyewe, na Malkia akatoa kama mtu aliyesamehewa. Rodah naye akamnyang'anya bwana yake ndoo, redio ikiwa inaimba. Nyumba kwa nyumba ikawa hivyo. Tangi likabaki na ya asubuhi peke yake, mpaka Kipkoech mwenyewe akapanda mlima, kofia mkononi, kutuuliza majina yetu yanaandikwa vipi. Wengine tukampa. Mimi nusu napeleka kwa namba yangu, nusu ni ya Nyanchama, na kibuyu kwanza.

Kwa hivyo, mwanangu, mtu akikuja na mkebe jioni, hata akiwa anacheka, hata akisema ni kwa mwezi mmoja tu, muulize namba ni ya nani. Kiplangat alisema mbele yangu na mbele ya mama yake. Mkumbushe kwa upole. Akisahau, nitumie neno. Nitakuja Londiani na vile vibuyu, na nitavigeuza katikati ya boma lake, wageni wawepo wasiwepo.