Alama Nyekundu kwenye Puli

Wateja walimwita Taratibu, na hakuna aliyemwita hivyo kwa kumsifu. Ukimpelekea chuma akutobolee matundu manne ya bawaba, ungeweza kwenda sokoni ukarudi, ukamkuta bado anahangaika na la tatu. Si kwamba mtu mwenyewe alikuwa mzembe. Iliyokuwa ikijikokota ni mashine ya kutobolea chuma aliyorithi kwa baba yake, jitu zito lenye mota mgongoni, kongwe kuliko yeye, na yeye alikuwa na miaka hamsini na mitatu.

Sasa mkandarasi aliyekuwa akijenga hospitali alitoa neno. Angekuja Alhamisi asubuhi. Akikuta mashine inatoboa kama mashine za wenzake, milango yote ya hospitali ni ya Taratibu. Akikuta inajivuta vilevile, kazi inavuka barabara kwenda kwa jirani, na kazi ikishavuka barabara ile hairudi.

Kila mtu aliilaumu mota, basi swali likabaki moja: isukwe upya nyaya zake, au inunuliwe nyingine?

Shemeji yake, mume wa dada yake, hakuona cha kujadili. Huyo ni mtu wa vitu vipya. Nyumbani kwake hata ufagio haujawahi kuzeeka. Alisema mota ile imeshakula chumvi ya kutosha, iachwe ipumzike. Taratibu alikasirika. Kila mwaka baba yake aliifungua mota ile akaifuta vumbi kwa brashi yake ya kunyolea. Kuitupa, kwake, kulikuwa kama kumtoa mzee nje pamoja na kiti chake.

Akaipeleka kwa msuka mota, mama mmoja wa makamo asiye na maneno mengi. Mama yule alipima koili moja baada ya nyingine, akazungusha shafti kwa kidole, akasikiliza beringi, kisha akamrudishia mzigo wake.

"Haina ugonjwa hii," alisema. "Katafute kwingine."

Fundi anayekataa kazi ana lake jambo. Taratibu alitoka pale ameshaamini kwamba mota imeoza kupita kiasi, na mama wa watu amemwonea huruma kumwambia. Jumatano mchana akanunua mpya. Shemeji akaja kushuhudia ushindi wake, mikono mfukoni.

Kufunga mota ni kazi anayoijua. Alifungua kifuniko cha juu, penye puli mbili za ngazi nne nne na mkanda unaoziunganisha. Ukiuweka mkanda ngazi hii, mashine inakwenda mbio. Ukiuweka ile, inakwenda pole. Fundi yeyote anajua hilo. Lakini kwenye ngazi ya pole kuliko zote palikuwa na alama ya rangi nyekundu aliyoipaka baba yake, na Taratibu hakukumbuka mkanda ukikaa kwingine. Taratibu alikuwa amebadilisha mikanda sita maishani mwake, na yote sita aliirudisha kwenye nyekundu. Shemeji aliwahi kumuuliza kwa nini. Alijibiwa kwamba marehemu hakuwa mtu wa kupoteza rangi. Kama alipaka, alikuwa na sababu.

Basi mkanda ukarudi kwenye nyekundu, akawasha. Mota mpya ikanguruma kwa afya tele, na mashine ikazunguka polepole vilevile. Shemeji akatoa mikono mfukoni.

Mama yake Taratibu, aliyekuwa akiishi nyumba ya nyuma ya karakana, alikuwa ameingia na chai. Akatazama kwenye puli, akacheka.

"Bado mkanda uko hapo tu?"

Taratibu akataka kujua ana maana gani. Mama akaweka sinia juu ya meza ya kazi, akamkumbusha siku aliyoingia karakana peke yake, ana miaka kumi na mmoja, mashine ikamdaka mkono wa shati, ikabaki kidogo tu iondoke na kidole. Baba yake hakumchapa. Alihamishia mkanda mahali pa pole, akapaka rangi ili mtu asiuguse, akasema utakaa hapo mpaka mtoto akue. Na yeye mwenyewe akatoboa kwa mwendo huohuo hadi alipokufa.

Taratibu alisimama na spana mkononi. Alikuwa ameoa, amezaa, amemzika huyo baba, na muda wote huo alikuwa akitoboa kwa mwendo wa mtoto. Hasira zilimpanda asijue amshukie nani. Chini ya hasira palikuwa na kitu kingine, kwa sababu baba yake hakuwahi kumwambia kwa mdomo kwamba anampenda.

"Sasa mbona hakuniambia nimekua?" aliuliza.

"Mimi nilidhani alikwambia," mama akasema.

Mota ya zamani ikarudi mgongoni mwa mashine. Ile mpya akapewa shemeji, mpenda vipya. Kisha Taratibu akaushika mkanda, akaitazama ngazi ya mbio kuliko zote, akaitazama tena, akaupandisha ngazi moja tu.

Alhamisi mkandarasi alisimama kando huku tundu la kwanza likitoboka, likafuata la pili, hata chai aliyokaribishwa haijapoa. Akasema milango ni yake. Kisha, kama watu wote waliokwisha kuridhika, akataka kidogo zaidi.

"Haiwezi kuzidi hapo?"

Taratibu akamtupia jicho mama yake, aliyesimama mlangoni akivihesabu vidole vya mwanawe kwa macho.

"Inaweza," alisema, "ila mimi nimekua jana tu."