Chumba cha Tatu cha Babu

Babu alilinda makumbusho ya mji kwa miaka ishirini na tisa. Hakulinda jengo zima, ni chumba kimoja tu, Chumba cha Tatu, chenye vitu vya kazi za zamani. Alisimama kando ya mlango, mikono nyuma, na nadhani neno alilolisema kuliko yote maishani mwake ni "usiguse". Hata nyumbani, ukipeleka mkono kwenye sahani kabla ya watu kuketi, utasikia tu: "Usiguse. Tazama kwa macho."

Tangu alipostaafu, kila Jumamosi huwatoa wajukuu wake wawili wadogo. Amewapeleka zimamoto wakaone magari, stesheni wakahesabu mabehewa, na bustani ya mji yenye chemchemi isiyotoa maji. Jumamosi moja ilikuwa zamu ya makumbusho, nami nilitumwa niende nao.

Aliyenituma ni mjomba, baba yao. Mjomba ni fundi umeme, haamini waya ambao hajaupima mwenyewe. Wiki ile alimwona Babu akimimina chai kando ya kikombe na kuendelea kumimina. Akanivuta jikoni.

"Wewe huna maneno mengi, hatakushuku. Mwangalie tu. Kama haoni, matembezi basi. Siwezi kumkabidhi watoto mtu asiyeona gari."

Nikaitikia kwa kichwa. Mimi huitikia mambo mengi kwa kichwa, halafu najuta njiani.

Mkubwa wa wale wadogo ni Wakili, ana miaka tisa. Jina hilo alipewa siku alipomtetea jogoo asichinjwe, akashinda kesi. Mdogo wake ni Tonge, wa miaka mitano, mviringo kuanzia mashavu hadi magoti. Kutwa nzima aliutundika mkono wake kwenye kiganja cha Babu.

Kwenye barabara kubwa Babu alisimama. "Haya Wakili, mtihani. Taa ina rangi gani?"

"Nyekundu."

"Vizuri. Na sasa?"

"Kijani. Babu, kila wiki mtihani ni huu huu!"

"Kwa sababu ukifeli huu, hakuna wa pili."

Tukavuka. Nikajiambia, mtu anayefundisha hivi anaona vizuri. Tulipofika kwenye jengo akasema, "Ngazi kumi na moja," akazipanda bila kushika ukuta. Moyo wangu ukatulia. Jioni ningempa mjomba jibu zuri.

Ndani, mama wa tiketi alimkumbatia badala ya kumkatia tiketi. "Mzee wa Usiguse! Umetususa!" Babu akacheka, akatuongoza kwenye ujia, akapita mlango wa kwanza na wa pili, akaingia wa tatu kama mtu anayeingia chumbani kwake kulala. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kamba ya kuzuia wageni, kona ya kushoto, akageuka, akatandaza mkono.

"Wajukuu zangu, hii hapa nimeilinda kuliko nilivyomlinda bibi yenu."

Watu wengine waliokuwamo wakasogea. Alikuwapo bwana na bibi wenye mtoto mchanga, na vijana wawili wenye madaftari. Babu ana sauti ya kusogeza watu.

"Tarishi wa kwanza wa posta aliipanda hii miaka ishirini. Ilipita matope, ikapanda milima, ikabeba barua za harusi na za msiba. Haikulalamika hata siku moja. Tazameni tandiko lake lilivyochakaa. Tazameni kengele yake."

Mbele yetu palikuwa na kiti cha kinyozi.

Kilikuwa kiti kikubwa cha ngozi nyekundu, chenye pa kuegemeza kichwa na chuma cha kuwekea miguu. Nilitazama huku na huku. Baiskeli ilikuwa ng'ambo kabisa, chini ya dirisha. Chumba kizima kilikuwa kimepangwa upya.

"Babu," Tonge akasema, "mbona haina magurudumu?"

Kijana mmoja akaziba mdomo kwa daftari. Yule bibi mwenye mtoto akamtazama mumewe. Wakili alikuwa ameshavuta pumzi ya kutoa hoja, na Wakili akianza hamalizi leo. Nikaona wazi kwamba Babu angeaibika ndani ya chumba chake mwenyewe, mbele ya wajukuu zake. Sijui miguu ilinitoa wapi. Nilipita mbele ya wale watu wote, mimi ambaye hata dukani huwaacha wengine watangulie, nikamnong'oneza sikioni.

"Babu, wamehamisha vitu. Hapa sasa pana kiti cha kinyozi."

Hakushtuka. Akanibana mkono, kisha akapaza sauti:

"Sasa, mtu aliyekula vumbi miaka ishirini, akifika mjini ananyolewa wapi? Hapa! Ndiyo maana nimeanza na safari."

Watu wakaangua kicheko, na yule kijana akaandika kabisa. Babu naye akacheka, lakini mkono wangu hakuuachia.

Walipotawanyika tukamketisha kwenye kigoda cha mlinzi. Miaka ishirini na tisa hakuwahi kukikalia.

"Katikati ya macho pamezimika," akasema polepole. "Nimebaki na pembeni tu, kama macho ya mwizi. Daktari amesema hapatawaka tena. Nilitaka niwaonyeshe chumba changu kabla sijasahau njia. Kumbe chumba ndicho kilichonisahau."

Wakili akapiga magoti mbele yake. "Kumbe zile taa hazikuwa mtihani?"

"Zilikuwa mtihani. Wangu."

Tonge akampapasa usoni. "Babu, mimi nina macho mawili. Nitakutazamia."

"Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama," Babu akajibu. "Basi mimi niambieni."

Tukakizunguka chumba tena. Wakili alisoma vibao, Tonge alitaja rangi, nami nilieleza kilipo kila kitu. Babu akajaza yaliyobaki: nani alikileta, nani alijaribu kukiiba, kipi kilinyeshewa paa lilipovuja. Kwenye vibao hapakuwa na hata moja la hayo.

Nyumbani mjomba alikuwa mlangoni, bisibisi mkononi. Hakusalimu, alinitazama mimi tu. "Ehe?"

Nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Usimbane mtoto wa watu," Babu akasema. "Sioni. Ungeniuliza mwenyewe ningekwambia."

"Baba! Na watoto umewavusha barabara?"

"Tumevushana," Wakili akaingilia. "Mimi nasema rangi, Babu anasikiliza magari, Tonge haachi mkono. Na dada yupo. Baba, wewe unaona vizuri sana. Umetupeleka wapi?"

Mjomba akaizungusha bisibisi kama anatafuta skrubu hewani.

"Jumamosi ijayo nitakuja," akasema mwishowe. "Kukagua tu. Sijasema ndiyo."

Akaja. Alitembea nyuma yetu mkono kiunoni, akihesabu mashimo ya barabara. Ila ndani ya Chumba cha Tatu alikuta swichi kubwa ya shaba, ya mtambo wa kwanza wa umeme mjini. Akasahau ukaguzi. Akainama juu ya kamba, mkono ukaenda wenyewe. Kamba ikalia kidogo.

"Usiguse," Babu akasema kutoka upande wa pili wa chumba.

Mjomba akaurudisha mkono nyuma kama mtoto. "Samahani, baba."

"Njoo unishike mkono, unipeleke hapo. Halafu niambie unaona nini. Anza juu, ushuke."

Mjomba akamfuata, akamshika mkono hadi kwenye swichi. Akakohoa, akatutazama sisi watatu kama tungemcheka, akaanza juu.