Jane wa Nne

Nilikuwa nimepiga magoti nikizoa majivu kwenye meko ya sebuleni, Bwana Thorley alipomsomea bintiye maana ya jina langu.

"Millicent," akasoma kwenye kitabu chake kinene cha majina. "Limetoka kwa Wajerumani wa kale. Maana yake, mwenye nguvu za kazi."

Binti akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Nguvu za kazi! Mimi, Baba? Hata viatu navuliwa!"

"Jane," Bibi Thorley akaniita, "majivu yanaruka."

Jane ndiye mimi. Mama alinizaa Millicent, akanipa jina la nyanya yake. Lakini siku niliyoajiriwa, nikiwa na miaka kumi na minne, Bibi alikunja uso kama aliyeuziwa maziwa yaliyochacha. Nyumba ile ilikuwa na Millicent wake tayari.

"Kila msichana wa kazi humu huitwa Jane," akasema. "Maana yake Mungu ana rehema. Huoni ulivyobahatika?"

Nikaitikia, maana mwenye njaa hachagui. Nilikuwa Jane wa nne, na aproni ya wa tatu ilinibana kwapani. Nilipopewa ruhusa ya kwenda kwetu, ile Jumapili ya kina mama, sikumwambia Mama. Alikuwa akiniita Millicent kwa madaha, nami nikaona aibu.

Februari iliyofuata, mama mdogo Keziah alitembea maili tisa kwenye theluji akabisha mlango wa jikoni. Alifunguliwa na Pask, mkuu mpya wa watumishi.

"Namtaka Millicent. Mama yake hajiwezi, na kula hataki mpaka amwone."

"Mama yake Millicent yuko ndani anakula keki," Pask akasema. "Umelewa?"

"Huyu wetu ni mtumishi, baba."

"Mtumishi wa ndani humu ni Jane. Millicent wenu hayumo. Haya, mguu mosi, mguu pili."

Mimi nilikuwa juu natandika vitanda. Mpishi alikuwa palepale, na jina langu alilijua. Alinieleza siku ya nne, huku akikanda unga. "Pask alikuwa ndiyo kwanza anaanza kazi, mwanangu. Ningemuumbua vipi mbele ya mgeni?"

Sikuomba ruhusa. Nilikimbia nikianguka na kuinuka, nikimlaani yule mwanamke na unga wake. Nilipofika, Mama alikuwa amezikwa asubuhi ile. Keziah aliponiona alipiga yowe, akanipapasa uso mzima.

"U hai?"

"Ni hai, Mama mdogo. Ulimwambia nini?"

"Nilivyojibiwa. Kwamba Millicent hayumo."

"Naye?"

Akanivua shali iliyolowa kabla ya kunijibu.

"Akasema, 'Basi mwanangu katangulia, wanaogopa kuniambia.' Akageukia ukutani. Daktari alikuwa ameshasema atapona, mradi ale."