Makobazi ya Mzee Hilal

Mzee Hilal alipofariki hospitalini Kibiti, mimi nilikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupigiwa simu. Si kwamba tulipendana sana. Mimi ni mtani wake. Huku kwetu Mohoro mtu mzima hatoki nyumbani kwake kwenda kaburini mpaka mtani avae nguo zake na kumwigiza, watu wacheke kidogo ndipo walie sawasawa. Ukoo wetu na ukoo wake ni watani, na kwetu mwenye mdomo ni mimi.

"Mudrick," aliniambia Bi Waride, shemeji yake marehemu. "Mtani wako ametutoka. Njoo uvae kanzu."

"Afadhali. Ile kanzu naitamani siku nyingi."

Akacheka, halafu akalia. Nikakata simu ili asinisikie na mimi nikilia.

Watu wa wilayani walimwita mwanahistoria. Wakija wageni anaitwa, anapewa kiti cha plastiki na maji ya chupa, anaeleza habari za Wajerumani na mashamba ya pamba mpaka wageni wanaanza kutazama saa. Lakini kazi yake hasa ilikuwa nyingine. Alimjua kila aliyezikwa kwenye makaburi ya zamani kando ya mto: mtoto wa nani, alikufa kwa nini, alikuwa na kisirani gani. Mafuriko makubwa yalipopita na kufunika makaburi yote kwa tope, pakawa uwanja mmoja, hujui mama yako ni yupi na wa mwenzako ni yupi. Ndipo akaanza kuwatembeza watu. Utoke Nyamwage, utoke Mahege, anakushika mkono, anakupeleka, anasema, "Hapa." Kibao unapigilia mwenyewe. Hakupokea kitu, hata soda.

Mwalimu Natalia wa sekondari alimbembeleza sana ayaandike hayo yote.

"Nikiandika, mwalimu, nani atakuja kunitembelea?" alimjibu. "Watasoma wakikaa huko huko kwao."

Mimi nilikuwa namfuata nyuma kila safari, kazi yangu kumsumbua.

"Mzee, wewe umeshajichagulia pako, au tukutupe mtoni?"

"Mimi nitalala kwa Biasha. Wewe utalala watakapokuokota."

Biasha ni mkewe, aliyefariki zamani. Kaburi lake halikuwa na kibao. Nikimuuliza, anasema, "Langu la mwisho. Nikianza na langu watasema najihudumia." Akawa anawahudumia wengine kwenye tope lile, mvua ikimnyeshea, kifua kikambana. Zamu ya kaburi la Biasha haikufika.

Siku ya mazishi Azan, mwanawe wa pekee, alifika kutoka Dar asubuhi. Vijana walikuwa wamesimama na majembe na sepetu, hawajui pa kwenda. Akanivuta pembeni.

"Baba aliusia alazwe ubavuni kwa mama. Mimi mama alifariki bado nabebwa mgongoni. Wewe ulikuwa unatembea naye. Ni wapi?"

"Hakuwahi kunionyesha, kaka."

Tukawauliza wazee, kila mmoja akamtazama mwenzake. Mtu wa kumuuliza jambo kama hilo alikuwa mmoja tu, naye alikuwa ndani, anaoshwa.

Shehe alisema kwa upole, "Ardhi yote ya Mungu. Kama hapajulikani, mzikeni panapofaa. Tukimaliza alasiri tunatoka."

Azan alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akawa anakwaruza matope kwenye kiatu kwa kijiti.

Mimi nilikuwa na kazi yangu. Bi Waride alinipa kanzu, kofia, fimbo na makobazi, yale ya matairi, yaliyoisha upande mmoja kwa sababu mzee alikuwa anaburuta mguu wa kushoto. Nikaingia uwanjani, mbele ya nyumba. Nikaburuta mguu. Nikakohoa, maana yeye hataji jina la maiti kabla hajakohoa.

"Pita huku, mjukuu. Usimkanyage Abdulazizi, hata uhai wake hakupenda kuguswa." Kinamama wakaziba midomo kwa kanga. "Huyu Rukaya. Aligombana na mtaa mzima. Tazama, hata huku hakuna aliyemsogelea."

Wakaanza kucheka kweli. Nikafanya na kile kituko chake ambacho nilikuwa namsimangia kila safari. Nikavua makobazi, nikayakung'uta, nikatembea pekupeku kidogo bila neno, halafu nikayavaa tena. "Na huyu Abbasi, fundi cherehani. Suruali zote za Mohoro zilikuwa na mguu mmoja mrefu."

Uwanja ukacheka. Bi Waride hakucheka.

"Rudia hapo," alisema.

"Wapi, kwa Abbasi?"

"Hapo unapovua."

Nikarudia, sasa naona aibu kidogo. Nikamwambia, "Alikuwa anavua pale pale kila siku, bibi. Nilikuwa namuuliza, mchanga wote wa Rufiji unaingia kwenye kiatu chako hapa tu? Ananijibu, tembea."

Bi Waride alishika kichwa.

"Dada yangu Biasha hakuruhusu kobazi ndani mwake. Hata awe na haraka gani, Hilal alivua mlangoni."

Azan akainuka kwenye ndoo.

"Kichwani tulimwekea bakuli langu la maua ya buluu," Bi Waride akaongeza. "Fukueni taratibu mtaliona."

Kibao cha Abbasi kilikuwepo, wajukuu zake walishakuja. Niliwaongoza wachimbaji nikiwa na kanzu ile ile, nikasimama pale pa kuvua, kati ya Abbasi na Rukaya. Wakafukua tope la mafuriko kwa mikono. Kipande cha kwanza cha bakuli aliking'oa Azan mwenyewe. Alikifuta kwa kanzu yake, akakirudisha mahali pake, akawaonyesha wenzake wachimbe pembeni.

Jeneza lilipofika, mtani huingia kaburini na kukataa kutoka mpaka abembelezwe. Nikaingia. Nilikuwa nimeandaa neno langu, nimelifanyia mazoezi njiani. Nikakaa pale chini karibu na mwanandani, nikasema, "Haya, mzee, nani atakuja kukutembelea sasa?"

Hakuna aliyecheka. Na mimi sikutoka, wala sikubembelezwa. Azan alininyooshea mkono, akanivuta.

Kanzu niliirudisha. Makobazi Bi Waride alikataa kuyapokea.

Baada ya arobaini alikuja mama mmoja wa Nyamwage, Hanifa, na kibao chake kwenye kanga. Aliambiwa aniulize mimi. Tulipofika makaburini nikajaribu kumweleza kama mimi, Mudrick, kwa mdomo wangu. Sikukumbuka hata mmoja. Tope tupu.

Nikamwomba asishangae. Nikavaa makobazi, nikaburuta mguu, nikakohoa, na majina yakaja. "Pita huku, mjukuu," nilimwambia mama mtu mzima, naye akapita. Tulimpata mama yake karibu na ukingo. Alipigilia kibao akilia bila sauti.

Wakati wa kurudi tulipita kwa Abbasi. Tulipompita tu, nilivua.

"Kuna mchanga?" Hanifa aliuliza.

"Tembea," nilimjibu. Haikuwa sauti yangu.