Sala Ndefu ya Papa Évariste

Papa Évariste, maana mjini Likasi baba huitwa papa, hukiri mwenyewe siku hizi, tena kwa kucheka hadi machozi yamtoke, kwamba sala ile haikuwa sala. Ulikuwa ujanja mtupu, na ujanja wenyewe ulimgeukia mbele ya watu.

Kisa kilikuwa kiti cha magurudumu. Samy, mwanawe wa kwanza, alizaliwa kwa shida. Miguu ikakakamaa, ulimi ukawa mzito, ila akili ilibaki nzima, nzima kuliko ya baba yake, na hayo ni maneno ya baba yake. Kwa miaka kumi na saba Évariste alimbeba mgongoni: shuleni, kanisani, kituoni kwa mazoezi. Zamani ilikuwa kazi nyepesi. Sasa Samy alikuwa na ndevu na uzito wa gunia la mawe ya madini, na Évariste, ambaye huwauzia wachimbaji makoleo na mifuko pale sokoni, alikuwa akijifungia bafuni kila jioni na kujipaka mafuta ya kuchua ili mkewe asijue. Berthe alijua. Harufu ile ilijulikana hadi kwa jirani wa tatu.

Kilichomfunga Évariste ni kinywa chake. Miaka miwili nyuma, ngoma zikiwa zimepamba moto kanisani, alinyakua kipaza sauti akatangaza kwamba siku Samy atakapotimiza miaka kumi na minane ataingia mlango ule kwa miguu yake mwenyewe. Watu wakalipuka kwa shangwe. Mungu hakuwa amempa tarehe. Tarehe alijipa mwenyewe, kwa joto la ngoma. Tangu hapo hakutaka kusikia habari za kiti. Kukikubali ilikuwa ni kusimama mbele ya kanisa zima na kusema, jamani, nilipayuka.

Lakini kituoni walikuwa na utaratibu wao. Hawakufanya kazi kila mtu kivyake. Kila miezi mitatu walikaa meza moja na kijana na wazazi wake: Marlène, kine, anayenyoosha miguu na migongo, Godefroid, anayefundisha mikono kufunga vifungo, kushika kijiko na kubofya kompyuta, na Firmin, msimamizi wa mafaili, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha anachojenga mmoja hakibomolewi na mwingine. Kikao kilipewa nusu saa tu, maana familia nyingine ilikuwa ikisubiri nje kwenye benchi. Na kama vikao vyote vya Likasi, kilianza kwa sala.

Hapo ndipo Évariste alipopata upenyo. Mtu anayeomba hakatizwi. Unaweza kumkatiza mkuu wa mtaa, hata polisi ukijipa moyo, lakini mtu aliyefumba macho akizungumza na Mungu utamwacha amalize. Kikao cha kwanza aliomba dakika kumi na mbili. Cha pili, ishirini, na kila mara dakika zilizobaki ziliishia kwenye habari za mazoezi. Cha tatu alianza na kuumbwa kwa dunia, na alipofika kwa Musa muda ulikuwa umekwisha. Firmin, Mkatoliki aliyezoea sala za pumzi mbili, akaandika kwamba suala la kiti lingezungumzwa mara ijayo. Évariste akarudi nyumbani akijiona mtu wa kiroho.

Kikao cha nne kiliangukia wiki ya mwisho kabla ya Samy kutimiza miaka kumi na minane. Firmin alimpigia simu mapema.

"Papa Évariste, sikiya muzuri. Hii ni réunion ya mwisho. Dossier ya batoto inafunga. Kama hatutie signature ku mupango, Samy haingie ku service ya bakubwa. Na nafasi yake ku atelier bataipa mwingine."

"Nimesikia, Papa Firmin."

"Na ku atelier hakuna muntu wa kubeba bantu. Anaingia na kiti, ao haingie."

"Nimesikia."

Alikuwa amesikia kweli. Samy aliitaka atelier ile, karakana ya mafunzo ya watu wazima, kuliko kitu chochote: kujifunza kuwachapia watu barua na maombi ya kazi, kwa kidole kimoja, hadi siku moja awe na meza yake mwenyewe karibu na ofisi za mjini. Lakini Évariste alijiambia kwamba mambo ya mafaili huongezewa muda. Nani katika nchi hii aliwahi kuona faili likifungwa siku iliyoandikwa?

Saa nane kamili wakaketi. Firmin aliweka karatasi ya mpango mezani, akatazama saa, akasema harakaharaka, "Leo minye njo nitaomba."

"Hapana, papa," alisema Évariste, ambaye tayari alikuwa amesimama. "Acha baba ya mutoto aombe."

Nani angemkatalia? Macho yakafumbwa. Évariste akaanza na Adamu.

Siku hiyo alikuwa na pumzi za kutosha. Nuhu alimpa dakika tatu, na hapo wanyama hawajaingia safina. Alipofika kwa Abrahamu alifumbua jicho moja kuangalia saa ya ukutani: nane na dakika kumi na moja. Akamwona Godefroid amebana taya. Marlène alikuwa akichezesha kalamu. Berthe hakuwa amefumba macho hata kidogo. Alikuwa akimtazama mumewe kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyeingia jikoni. Évariste akafumba upesi, akavuta pumzi ndefu ili aingie Misri.

Ni katika pumzi ile Samy alipoanza.

"Mungu," alisema Samy.

Sauti yake hutoka kwa kuvutwa, neno baada ya neno, shingo ikisaidia. Évariste alifungua mdomo amwahi, kisha akaufunga. Mtoto alikuwa anaomba, na sheria ya kutomkatiza mtu anayeomba yeye mwenyewe ndiye aliyeishikilia kwa mwaka mzima.

"Mungu... ni minye, Samy. Papa... anapumuzika kidogo. Minye... naendelea."

Godefroid alikohoa, kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

"Asanti... juu ya mugongo... ya papa. Ilinibeba... miaka yote. Mbele ya bantu... haichoke. Inachoka... mu douche. Namusikia... vile analia. Anafikiri... niko nalala."

Évariste alihisi masikio yakiwaka moto. Alikuwa ameamini kabisa kwamba anaugulia kimyakimya.

"Papa aliambia kanisa... nitatembea. Mungu... unajua... haiko weye ulisema. Usimukasirikie. Ananipenda... mingi. Na anasema... mingi."

Hapo Marlène alishindwa, akauficha uso kwa faili.

"Naomba kiti. Naomba... atelier. Naomba papa... atembee... pembeni yangu. Mu njia yote... naona tu... kisogo yake. Kama tuko nasemezana... nasemezana na kisogo. Nataka... kuona uso. Ku jina ya Yesu."

"Amina," wakasema wote.

Évariste naye alisema, tena kwa sauti kuliko wote. Miaka thelathini ya kanisa ilikuwa imeuzoeza ulimi wake kuitikia kabla kichwa hakijaulizwa. Alipozinduka neno lilikuwa limeshatoka, mbele ya Mungu, mbele ya mkewe na mbele ya mashahidi watatu wenye kalamu.

Akaketi. Ilikuwa nane na dakika kumi na tisa. Firmin hakupoteza hata moja, aliwasukumia karatasi. Marlène akataja vipimo vya kiti, Godefroid akasema basi meza ya karakana iinuliwe kidogo ili magoti yapite, Firmin akaandika, na kazi ambayo Évariste aliizuia mwaka mzima ikamalizika kabla hajapata mahali pa kutazama. Samy alitia sahihi mwenyewe. Herufi zililala upande, lakini zilikuwa zake.

"Mustari ya mwisho," alisema Firmin. "Nani atamusaidia ku njia?"

"Minye," alisema Évariste.

"Kwa kubeba?" aliuliza Marlène.

Évariste aliitazama karatasi. Maneno yote aliyokuwa nayo, tangu Adamu hadi Abrahamu, yalikuwa yamemkimbia. "Hapana, madame. Nitatembea pembeni."

"Na ku kanisa utasema nini?" aliuliza Berthe.

"Nitasema ni minye nilipayuka."

"Useme hivyo tu," alisema Berthe. "Usianze na Adamu."

Waliazimwa kiti kimoja cha kituo hadi cha Samy kitakapokuwa tayari. Berthe akakisukuma hadi barabarani, na Évariste, kwa mazoea, akatangulia mbele hatua mbili, mgongo umeinama ingawa hapakuwa na kitu juu yake, akizungumza huku anatazama mbele: kwamba kiti chenyewe si kibaya, kwamba magurudumu yatahitaji mafuta, kwamba vumbi hili litawatesa.

"Papa," aliita Samy.

Évariste akapunguza mwendo hadi wakawa sambamba. Akageuza uso. Kijana wake alimtazama kwa muda, bila haraka yoyote, kama mtu aliyefika mahali alipokuwa akipasikia tu.

"Papa," alisema Samy, "weye... umezeeka."

Évariste alicheka. Kisha kicheko kikamgeuka, akalia palepale barabarani, mbele ya teksi na wafanyakazi waliokuwa wakirudi kwa baiskeli, na safari hii hakuuficha uso wake bafuni wala popote.