Fagio la Wifi

Fundi cherehani alilisoma tangazo mguu ukiwa bado kwenye pedeli, akaiweka simu juu ya kitambaa cha mteja, akasema peke yake, "Haya, ameanza."

Aliyeanza ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Na alichoanza ni kulipanga upya jukwaa la mtandaoni la wapenzi wa redio za zamani, watu waliotawanyika huku na kule, wanaoweza kuzozana wiki nzima juu ya skrubu moja na wasichoke. Mwanzilishi wa jukwaa alikuwa amezeeka, macho yamemsumbua, akatafuta wa kumrithisha. Wote wakamtaja wifi. Nani mwingine? Yule mwanamke ni mfamasia, na dukani kwake hata chupa ya dawa ya kikohozi haithubutu kukaa pasipo pake. Wanachama walimpachika jina la Fagio kabla hajafagia chochote, naye akalipenda, akaliweka kabisa kuwa jina lake la jukwaani.

Tangazo lilikuwa refu kama khutba. Lilisema vyumba vya zamani vinavunjwa. Sebuleni, Karakana, Wagonjwa, vyote kwisha. Kila mada itasomwa na msimamizi mwenyewe, moja baada ya nyingine, kisha itahamishiwa panapoifaa, kulingana na aina ya redio na ugonjwa wake.

Itasomwa na msimamizi mwenyewe. Fundi cherehani alipofika hapo alifunga simu bila kumaliza yaliyofuata. Mtu asiye na lake rohoni angesoma mpaka mwisho. Yeye alikuwa nalo.

Ilikuwa hivi. Zamani, kabla hajaolewa, alikuwa akiingia jukwaani kusoma tu, hasemi neno. Kulikuwa na mwanamume mmoja, fundi wa minara ya simu, aliyewajibu watu kwa utani na upole mpaka mtu unajikuta unacheka peke yako mbele ya cherehani kama umerogwa. Dada wa watu akatamani kumsemesha. Amsemeshe nini sasa? Redio yake ya mbao, aliyoachiwa na baba yake, ilikuwa nzima, inaimba kutwa. Na jukwaani kuna sheria moja isiyo na msamaha: huulizi kitu mpaka uifungue redio, upige picha ya ndani, uiweke pale kila mtu aione. Ukija na maneno matupu wanakupokea kwa makelele, "Tumbo kwanza! Tumbo kwanza!" Basi akachukua mkasi wake wa nyuzi, akaukata waya wa spika, kachu! Akalipiga picha tumbo. Akaandika: "Redio yangu imenyamaza ghafla, naombeni msaada."

Mwanamume yule akawa wa kwanza kujibu. Swali likazaa utani, utani ukazaa ndoa, na mada haikufungwa hata baada ya ndoa, maana mume alikaa huko kwenye minara yake miezi na miezi, nao walishazoea kuzungumza palepale mbele za watu. Wanachama wakawa wanawachokoza, wakiuliza kama redio bado mgonjwa au mgonjwa sasa ni fundi. Leo mume hayupo. Figo zilimwondoa, na simu yake ikaharibika hospitalini na kila kilichokuwamo. Maneno aliyomwandikia mkewe yalikuwa yamebaki kwenye mada ile tu. Fundi cherehani akizidiwa na upweke alifungua ukurasa wowote, akamsikia anavyoongea, akarudi kwenye kazi yake.

Sasa njoo kwa wifi. Wifi hakuipenda ndoa ile tangu mwanzo, au ndivyo fundi cherehani alivyoamini. Mara ya kwanza walipokutana jikoni kwa mama mkwe, wifi alimwambia huku akisuuza vikombe, "Kaka yangu ana huruma sana. Akiona kitu kimeharibika, haondoki." Basi, hakuongeza. Sifa ile? Kijembe? Mwenzake alilala nayo kauli hiyo, akaamka nayo, na miaka yote hakuweza kuimeza.

Na picha ya tumbo ilikuwa bado iko palepale, juu kabisa ya mada. Waya uliochakaa hukatika kwa kunyofokanyofoka, na ncha yake inakuwa na kutu ya kijani. Wa kwake ulikatika safi, shaba inameremeta. Anayepita haraka asingeona. Lakini msimamizi anayekaa kitako kuchambua ugonjwa wa kila redio ataacha kuona? Ataona, atapiga makofi, atasema, si nilijua! Huyu alimtega kaka yangu kwa mkasi.

Mambo yakazidi. Katika mpango mpya, chini ya kila ukurasa yalianza kuonekana majina ya wanaousoma wakati huohuo. Siku fundi cherehani alipofungua mada yake wakati wa chakula cha mchana, akaona: Wasomaji sasa, Sindano, Fagio. Sindano ni yeye. Akakaa na tonge mkononi. Kesho yake mchana, tena: Sindano, Fagio. Na siku iliyofuata. Mada zimejaa jukwaa zima, za watu chungu nzima, na Fagio kila mchana yuko kwake! Anatafuta nini kama si ushahidi?

Si yeye peke yake aliyekuwa na wasiwasi, jamani. Jukwaa zima lilikuwa limeingiwa na mdudu. Kinyozi mmoja aliyekuwa na mada maarufu juu ya redio inayokoroma alikuta imehamishiwa chumba cha Kelele, akaja juu, akadai ametukanwa. Mwingine akaapa mada yake imefichwa, na kumbe alikuwa anaitafuta kwa jina lisilo lake. Watu waliokuwa wakipeana vipuri bure sasa wakawa wanaulizana nani yuko upande wa Fagio. Wifi akaona isiwe tabu, akatangaza kwamba msimamizi hatabakiza nakala ya kitu chochote ambacho mwenyewe amekifuta. Kikifutwa kimefutwa. Watu wakatulia kidogo. Fundi cherehani naye akaona angalau hilo ni zuri.

Siku moja akajipa ujasiri, akaenda dukani kwa wifi kununua dawa ya kichwa, ingawa kichwa kilikuwa hakimuumi. Wifi alikuwa nyuma ya kaunta na koti lake jeupe, ameinamia simu, anatabasamu. Alipomwona mgeni wake, simu ikageuzwa kifudifudi, pu!

"Wifi! Karibu. Hujambo wewe?"

"Sijambo. Naona kazi ya jukwaa imekukolea."

"Acha tu. Watu wananitukana mpaka nacheka." Wifi alimpa dawa, akasita. "Halafu ile mada yako, wifi. Nimeiacha ya mwisho. Inabidi tuizungumze mimi na wewe."

"Ina nini?"

Mteja mwingine aliingia, mzee mwenye kikohozi cha kukata mbavu. Wifi akamtazama mteja, akamtazama wifi yake, akashusha sauti. "Si ya kuzungumzia hapa. Nitakuja kwako tukae vizuri."

Weee! Tukae vizuri! Fundi cherehani alitoka pale bila hata kuaga. Njiani alishayasikia yote masikioni: wifi ameketi kwenye kile kiti cha wateja, ametoa simu, ameikuza picha, anauliza taratibu, hebu nieleze huu waya ulikatikaje. Halafu mama mkwe ataambiwa. Halafu kila kumbukumbu ya mumewe itanuka uongo. Alikasirika kweli. Miaka yote amewaheshimu, amewapikia, amemuuguza ndugu yao mpaka pumzi ya mwisho, na leo anachunguzwa kama mwizi kwa ajili ya waya usiozidi kidole!

Alipofika kibandani kwake hakuwasha hata cherehani. Alifungua simu, akaenda ukurasa wa kwanza wa mada. Chini pakaandikwa Sindano peke yake, Fagio hayupo. Ndiyo nafasi. Nia yake ilikuwa ndogo: kuondoa ujumbe wake wa kwanza tu, ule wenye picha. Alishafuta jumbe zake nyingi huko nyuma, na kilichotokea kila mara ni pengo dogo lenye maneno "ujumbe umeondolewa", yaliyobaki yanaendelea kama kawaida. Akabonyeza Futa. Mashine ikamuuliza kama ana uhakika. Ana uhakika! Akabonyeza.

Ukurasa ukawa mweupe. Maneno yakatokea: Mada hii haipo.

Akarudi nyuma, akaingia tena. Haipo. Akazima simu, akaiwasha. Akatafuta kwa jina lake, akatafuta kwa jina la mumewe. Majibu ya mumewe kwa watu wengine yalikuwepo, makavu, mambo ya mawimbi na betri. Yale aliyomwandikia yeye, hakuna hata moja. Ndipo akalifungua tangazo, akasoma yale aliyoyaruka. Ili pasiwepo tena swali lisilo na picha, tangazo lilisema, ujumbe wenye tumbo sasa ndio unaobeba mada yote, na ukiondolewa, mada yote inaondoka nao.

Alikaa chini sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa. Hakulia mara moja. Alikuwa anajaribu kukumbuka sentensi moja, moja tu, jinsi ilivyoandikwa, na kila aliyoishika ilimponyoka.

Kesho yake asubuhi wifi akaja. Hakubisha hodi, hakusalimu. Koti jeupe lilikuwa bado mwilini, vifungo vimepishana, yule mwanamke ambaye hata chupa haikai upande dukani kwake. Alisimama mlangoni na macho mekundu.

"Wifi, nisamehe," akasema. "Nimeiharibu mada yenu. Jana nilikuwa nahamisha redio za mbao, sijui nimebonyeza nini, nimeipoteza. Nimetafuta usiku kucha. Nimempigia mwanzilishi, anasema hakuna nakala. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema zisiwekwe! Kiherehere changu."

Fundi cherehani alimtazama tu.

"Sema kitu. Nitukane basi."

"Ulikuwa unatafuta nini mle kila mchana?"

"Kutafuta?" Wifi akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Nilikuwa namsikiliza kaka. Nikila chakula nafungua kurasa mbili tatu, anavyotania, nasikia kama tumekaa naye mezani. Nyumbani hakutuandikia kitu, alipiga simu tu, na simu haiachi kitu. Nilitaka nikuombe tuitengee chumba chake peke yake, isichanganywe na magonjwa ya watu. Nikaona nisikuulize mbele ya wateja, ungelia. Ningelia na mimi."

Hapo fundi cherehani angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua kamwe. Wifi angebeba lawama maisha yake yote, angekuja kila siku na macho yale, naye angekuwa ndiye aliyekosewa. Tena alitamani kunyamaza, wacha niseme ukweli, alitamani sana. Lakini uso ule ulikuwa wa mumewe, nyusi zilezile, na ulikuwa unamwomba msamaha.

"Si wewe," akasema. "Nimeifuta mimi."

"Wewe? Kwa nini?"

"Kwa ajili ya picha. Waya. Niliukata mwenyewe kwa mkasi, redio haikuwa na kitu. Nikajua utaona, useme nilimtega."

Nje mtu alikuwa anaburuta kiti. Wifi akasema polepole, kama anayemweleza mgonjwa namna ya kutumia dawa, "Kaka aliuona siku ileile. Alikuja na simu mpaka chumbani kwangu, tukacheka tukaanguka kitandani. Akasema, huyu dada amekata waya ili aongee na mimi, na mimi nitaongea naye mpaka achoke. Wifi, mimi nilijua kabla hujajua jina lake."

"Na lile neno la jikoni? Kwamba akiona kilichoharibika haondoki?"

"Nilikuwa nakutania kwa sababu ya waya! Nilisubiri ucheke!"

Wifi akaketi kwenye kiti cha wateja, akajiinamia, na wote wawili wakalia, kila mtu kivyake, hakuna aliyemshika mwenzake. Wifi alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo, akasema waziwazi, "Sijui kama nitakusamehe hili." Mwenzake akaitikia kwa kichwa.

Baadaye sana wifi akainua uso. "Unakumbuka alikujibu nini mwanzo kabisa? Neno lake la kwanza?"

"Aliandika, pole dada, usiiguse mpaka uchomoe umeme."

"Hapana. Aliandika, pole sana dada, chomoa umeme kwanza. Sana ilikuwepo."

"Haikuwepo, wifi. Mimi ndiye niliyeandikiwa."

"Na mimi nimeisoma juzi!"

Mikono yao yote miwili ilikwenda kwenye simu kwa pamoja ili kuhakikisha, kisha ikasimama.