Vyuma Vinne vya Kijani

Kwa miaka thelathini baba, fundi injini, alizinyanyua injini kwa bomba, mnyororo na migongo ya watu wawili, mmoja wao yeye. Sasa mgongo ulikuwa umemgomea. Hata kamba za viatu alifungiwa na mkewe. Ndiyo maana binti yake, mhandisi wa juzijuzi tu, alijifungia na karatasi zake mwezi mzima akabuni kreni ya kubebeka: miguu miwili mipana, boriti moja juu yake, magurudumu manne, yote ya kufunguliwa bolti na kubebwa na watu wawili bila kuguna.

Uzito ndio uliomnyima raha. Akapunguza hapa, akapunguza pale, mwisho akafuta vyuma vinne vya mshazari vinavyoshikamanisha boriti na miguu. Hesabu zilikubali. Mjomba wake, mchomeleaji, aliutazama mchoro kwa muda mrefu, kisha akauchukua akaichomelee kreni.

Siku ya majaribio binti alivikuta vile vyuma vinne vimerudishwa, vina rangi ya kijani iliyochubuka.

"Mjomba, nani kakutuma? Umeniongezea kilo tisa!"

"Vilikuwa vimebaki tu," alijibu mjomba, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Ukivichukia, kesho navikata."

Binti alivimba, lakini baba alikuwa ameshaifunga injini kwenye mnyororo. Gereji ya baba ilikuwa na desturi yake: aliyechora ndiye anayesukuma kwanza. Akasukuma. Baba, mtu asiyekatazika, alitangulia mbele akiielekeza injini kwa kiganja.

Hatua ya sita, gurudumu likatumbukia kwenye mfereji wa maji machafu, mfereji ambao binti aliuruka tangu utotoni na hakuukumbuka hata mara moja kwenye hesabu zake. Kreni ikainamia upande, ikalia. Injini ikabembea, ikamgusa baba kifuani. Binti akafumba macho.

Alipoyafumbua, kreni ilikuwa imesimama. Vile vyuma vinne vilikuwa vimeishika boriti isiende popote.

"Mgongo hauumi," alisema baba. "Ila moyo umehamia kooni."

Waliishusha injini polepole. Hapo ndipo binti alipoitazama vizuri ile rangi. Aliijua. Ni ya benchi la chuma la mjomba, alilokalia akichomelea tangu binti akiwa mtoto wa kubebwa. Akageuka, akaiangalia ndoo.

"Asante, mjomba," alisema, machozi yakimtoka bila aibu. "Umeniachia baba yangu."

"Usilie karibu na vyuma, vitashika kutu."

Binti alicheka, akapenga kamasi. Akavirudisha vyuma vinne kwenye mchoro kwa kalamu ya kijani, kisha akachukua futi.

"Simama nikupime."

"Unanipimia nini, jeneza?"

"Benchi."

Mjomba aliinuka kwenye ndoo yake, akijishika kiuno.

"Sawa," alisema. "Lakini lisiwe jepesi."